Nani Alilipa Ile Faini? Maneno kwa vijana kuhusu ukahaba na ulanguzi wa wasichana

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi baada ya Laasiri kwenye kikao chetu cha vijana. Wengi ambao hawakufika wameomba yaandikwe, nami nayaweka hapa karibu vile vile nilivyoyatamka. Najua mada si nyepesi. Kabla ya kikao mzee mmoja aliniita kando akaniuliza, "Mwanangu, utazungumzia mambo ya umalaya mbele ya watoto wa watu?" Nikamwambia, baba, hao watoto wa watu ndio wanaochukuliwa. Akanyamaza kidogo, kisha akakaa safu ya mbele akasikiliza hadi mwisho. Allah amlipe kheri.

Nianze na kisa. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili mwenyewe asijulikane, lakini kisa chenyewe ni hicho.

Mama mmoja alikuja kwetu na karatasi ya korti imekunjwa mara nne, ameifunga kwenye pindo la leso. Binti yake alikuwa na miaka 16. Shule ilikatika kidato cha pili, karo hakuna. Jirani mmoja, mama anayeheshimika mtaani, wa kuja matangani na kuchanga harusini, akamwambia ana jamaa yake Mtwapa mwenye saluni, anatafuta msichana wa kumsaidia. Malazi bure, mshahara mwisho wa mwezi. Mama akafurahi. Akamfungia mwanawe nguo, akamsomea dua, akamsindikiza mpaka stejini.

Saluni ilikuwepo kweli. Siku tatu binti aliosha vichwa na kukunja mataulo. Siku ya nne akaambiwa ana deni. Nauli aliyotumiwa, godoro, chakula, nguo alizonunuliwa, simu aliyopewa, vyote vilikuwa vimeandikwa kwenye daftari. Akaambiwa kazi ya saluni haiwezi kulimaliza deni lile, ila kuna kazi ya usiku inayolipa haraka. Alipolia, akaonyeshwa picha alizopigwa akiwa anaoga. Akaambiwa, ukikimbia mamako atatumiwa.

Miezi miwili baadaye kukapigwa msako. Askari wa kaunti wakamshika barabarani yeye na wenzake. Kosa likaandikwa kuwa kuzurura kwa nia ya ukahaba. Umri ukaandikwa miaka 19. Hakuna aliyemuuliza kitambulisho, manake angeulizwa ingejulikana hana. Asubuhi wakasimamishwa kortini kwa pamoja, wakakubali kosa kwa pamoja, faini ikasomwa.

Sasa nawauliza, nani alilipa ile faini?

Alilipa mwenye daftari. Alifika kortini mapema kuliko mtu yeyote, pesa mkononi. Akalipa, akamchukua binti, na jioni ile akafungua daftari akaongeza ile faini juu ya deni.

Mama mzazi alikuja kujua wiki kadhaa baadaye, binti mwenziwe alipopiga simu kwa siri. Alhamdulillah, mtoto yuko nyumbani leo. Mwenye daftari hajashtakiwa. Na yule jirani bado anakuja matangani.

Nimekaa na kisa hiki muda mrefu. Kinachoniuma ni kwamba kila mtu katika ule msururu angekuambia amefanya kazi yake. Askari ameshika, karani ameandika, hakimu amehukumu, na sisi majirani tumesema "hawa wasichana wa siku hizi". Na tulipomaliza sote, mtoto alikuwa amerudishwa kwa aliyemnunua, akiwa na deni kubwa zaidi.

Kwa hivyo tuangalie sheria, yetu na ya majirani, tuone tatizo liko wapi.

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Kuna ukahaba, na kuna ulanguzi wa binadamu. Si kila mwanamke anayeuza mwili amelanguliwa. Wapo watu wazima walioingia kwa njaa, kwa talaka, kwa kuachiwa watoto bila matumizi, na hakuna aliyewafungia mlango. Tukisema wote wamelanguliwa tutakuwa tunadanganya. Lakini ulanguzi una alama zake, na dunia ilizikubali katika itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 inayojulikana kama Itifaki ya Palermo. Alama ni tatu. Kuna kitendo, yaani kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea. Kuna njia, yaani nguvu, vitisho, udanganyifu au kutumia udhaifu wake. Na kuna lengo, yaani kumnyonya. Ikiwa ni mtoto chini ya miaka 18, ile njia haihitajiki kuthibitishwa. Kumchukua kwa lengo hilo kunatosha. Na mtu akidanganywa au kutishwa, hata kama alisema "ndiyo", ile ndiyo yake haimsaidii mlanguzi.

Wala si lazima avuke mpaka. Kutoka kijiji cha Kwale hadi chumba cha Mtwapa kunatosha. Na wakati mwingine sisi ndio tunaoletewa. Mwaka 2019 wanawake 12 kutoka Nepal waliokolewa katika klabu moja hapa Mombasa, walikoletwa kucheza ngoma. Watu walikuwa wakipita mlangoni kila siku.

Sasa sheria ya Kenya inasemaje? Wengi wenu mnadhani Kanuni ya Adhabu inasema kuuza mwili ni kosa. Isomeni. Sheria ile, ambayo tumeirithi kwa mkoloni tangu mwaka 1930, inamshika anayeishi kwa mapato ya ukahaba wa mwingine na anayeendesha danguro. Kinachomshika msichana barabarani mara nyingi ni sheria ndogo za kaunti, zile za kuzurura. Yaani sheria kubwa inamtazama anayefaidika, sheria ndogo inamtazama msichana, na inayotumika kila wikendi ni ile ndogo.

Kisha tuna Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Kifungu cha 15 kinahusu ukahaba wa watoto, adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 10. Kifungu hicho hakimshiki kuwadi peke yake. Kinamfikia hata mwenye nyumba anayejua jengo lake linatumiwa hivyo na bado anapokea kodi. Ilipopitishwa, kifungu chake cha 18 kilikuwa cha kusafirisha watu kwa unyonyaji wa kingono, kifungo kisichopungua miaka 15 au faini isiyopungua milioni 2.

Na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu. Humo adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Akirudia, ni maisha. Lakini nataka mkariri kifungu cha 14, kama mnavyokariri namba ya simu ya nyumbani. Kinasema aliyelanguliwa hawajibiki kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kule kulanguliwa kwake. Maana yake yule binti wa miaka 16 hakutakiwa kusimama kizimbani. Sheria ya kumlinda ilikuwepo, ina umri mkubwa wa kutosha. Ila chumbani mle hakukuwa na mtu wa kuitaja.

Twende kwa majirani.

Uganda, ukahaba wenyewe ni kosa. Kifungu kilichojulikana miaka mingi kama cha 139 kimeweka kifungo cha hadi miaka 7. Mwaka 2009 wakapitisha sheria ya kuzuia ulanguzi, kifungo cha miaka 15, na ukizidi ubaya wake ni maisha. Sasa mfikirie msichana mmoja amesimama Kampala usiku. Polisi akimwona ni kahaba, yeye ndiye anayekabiliwa na miaka 7. Polisi akimwona amelanguliwa, anayekabiliwa na miaka 15 au maisha ni bosi wake. Msichana ni yule yule, barabara ni ile ile. Tofauti ni swali la kwanza atakaloulizwa.

Tanzania wana sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu. Ilipoanza, mhalifu angeweza kulipa faini badala ya kwenda jela. Mwaka 2022 wakaifanyia marekebisho, nafasi ile ya faini ikaondolewa. Hapo wametutangulia, tuseme ukweli. Lakini mitaani hali si tofauti sana na kwetu. Mwaka 2013 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu Tanzania, wakaeleza wanawake wa biashara hii wanavyopigwa, kubakwa na kudaiwa rushwa na baadhi ya askari. Mwaka 2024 kukawa na misako mikubwa wilaya ya Ubungo, Dar es Salaam, na nchi nzima ikajadili. Kuna waliopiga makofi, na kuna waliouliza kama hivyo ndivyo sheria inavyotaka mtu akamatwe.

Rwanda walifanya jambo la kipekee. Mwaka 2018 waliandika upya sheria ya adhabu wakaliacha nje kosa la kuuza mwili, na mwaka huo huo wakatoa sheria ya ulanguzi yenye kifungo cha miaka 10 hadi 15, na maisha ikiwa mtu amevushwa mpaka. Kwenye karatasi unaweza kusema wamemaliza kazi. Lakini mwaka ule ule amri ya waziri ikautaja ukahaba kati ya tabia potovu zinazoweza kumpeleka mtu kwenye vituo vya muda, mahali ambapo anazuiliwa bila kufikishwa mahakamani. Mlango wa mbele umefungwa, wa nyuma umeachwa wazi.

Ethiopia, kuuza mwili si kosa la jinai, ukuwadi ndio kosa, na mwaka 2020 walitoa tangazo la sheria dhidi ya ulanguzi. Lakini mwenye kuijua Moyale anajua wangapi wanapita pale kila wiki, wakiwemo wasichana wanaoambiwa Nairobi kuna kazi.

Mmeona? Nchi tano, sheria hazifanani, ila zote zinamtishia mlanguzi kwa miaka mingi. Na bado anayeshikwa kwa urahisi ni msichana. Kwa nini? Kwa sababu kesi ya ulanguzi inataka upelelezi, shahidi anayelindwa, tafsiri, rekodi za M-Pesa na miezi ya kungoja. Kesi ya kuzurura inataka gari moja na usiku mmoja. Mkubwa wa kituo akiulizwa amefanya nini wikendi, ana idadi ya kutaja. Daftari la deni halihesabiwi na mtu.

Sasa utafiti. Mwaka 2006 UNICEF pamoja na Serikali ya Kenya walitoa utafiti kuhusu unyonyaji wa watoto kingono hapa Pwani. Ni wa zamani, wengi wenu mlikuwa wadogo sana, lakini bado haujajibiwa. Walikadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani wanaingia katika biashara hii mara kwa mara au pale wanapokosa. Tulipousikia, sote tukasema, "Wazungu hawa! Watalii hawa!" Haya, hebu tuangalie wateja walikuwa akina nani. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Wakenya, asilimia 38. Waitaliano asilimia 18, Wajerumani 14, Waswisi 12. Mzungu wa ufuoni yupo, simtetei. Lakini wa kwanza kwenye ile orodha ni mtu wa kwetu, anayezungumza lugha yetu, na pengine tunampa salamu.

Utafiti ule ulionyesha jambo jingine zito zaidi, kwamba sehemu kubwa ya jamii ilikuwa imeshaliona hilo kuwa jambo la kawaida. Liwekeni kando ya utafiti wa kituo cha Pew uliochapishwa mwaka 2013, waliouliza Waislamu wa nchi nyingi, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo. Walio wengi mno walisema ukahaba ni kosa kimaadili. Alhamdulillah, mdomo wetu uko sawa. Sasa tuulize mkono. Chumba kimekodishwa na nani? Msichana anabebwa na bodaboda ya nani saa nane za usiku? Pombe, chakula, vocha ananunua kwa nani? Sote tunasema haramu, na kodi tunapokea tarehe tano.

Na kuna utafiti mwingine wa kwetu unaofaa kukumbukwa. Majengo, Pumwani, Nairobi, mtaa wa Waislamu tangu zamani. Kuanzia mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, waliwafuatilia wanawake wa biashara hii pale, wakagundua wachache wao hawaambukizwi virusi vya ukimwi hata baada ya miaka mingi. Damu yao ilifundisha dunia mengi na kusaidia kutafuta chanjo. Nataja hili kwa sababu moja. Madaktari wa mbali waliwajua wanawake hao kwa miaka, wakawatibu, wakawauliza habari zao. Sisi tuliokuwa tukisali hatua chache kutoka milango yao tulijua nini zaidi ya jina la kuwaita?

Nije kwenye jambo linalotuhusu kama harakati ya haki. Mwaka 2017 BBC walitangaza habari za wanawake Wakenya, wengine wa hapa Pwani, waliochukuliwa hadi Somalia wakafanywa watumwa wa kingono katika kambi za al-Shabaab. Waliofanikiwa kutoroka walirudi na watoto mgongoni. Na waliporudi wakajificha. Wanaogopa waliowatoroka, wanaogopa kushukiwa na dola kuwa magaidi, na wanaogopa sisi, tutakavyomuita yule mtoto. Mwanamke aliyebakwa na kufungwa, halafu anaporudi kwao anaishi kama mshukiwa! Ndiyo maana nasema suala hili si la "maadili" peke yake. Ni lile lile tunalopigania siku zote, mtu kutohukumiwa kabla hajasikilizwa.

Dini yetu inasemaje? Hapa nitakuwa wazi ili asije mtu akasema harakati imegeuka. Zina ni haramu. Pesa ya zina ni haramu. Hatuwezi kusimama mahali tukasema vinginevyo, na sikuja kuomba biashara hii ihalalishwe.

Lakini fungueni Surat An-Nur, aya ya 33. Madina kulikuwa na mtu mkubwa, Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki, akiwalazimisha wajakazi wake wauze miili ili yeye apate mali. Mmoja wao akakataa, habari ikamfikia Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Aya ikateremka. Ikamkataza anayelazimisha, ikataja tamaa yake ya mali ya dunia, na kwa aliyelazimishwa ikataja msamaha na rehema. Tazameni mpangilio huo. Zaidi ya miaka 1,400 iliyopita Qur'ani iliuliza swali ambalo askari wetu hakuuliza usiku ule: nani anafaidika? Na yule mtu hakuwa mgeni. Alikuwa anasimama safu za mbele.

Sura ile ile, kabla ya hapo, imeweka viboko 80 kwa anayemtuhumu mwanamke bila mashahidi wanne. Na imewaamrisha wanaume kuinamisha macho kabla haijawaambia wanawake. Sisi tumechukua nusu ya pili tukaiweka kwenye kila mawaidha, ile ya kwanza tumeiacha msahafuni.

Na mnaijua hadithi ya yule mwanamke kahaba wa Bani Israil aliyemwona mbwa anakufa kwa kiu, akavua kiatu akamtekea maji kisimani, akasamehewa. Iko katika Bukhari na Muslim. Kama mlango wa Allah haukufungwa kwake, wewe unafunga wa nani?

Mtu ataniambia, "Na sitara je? Si tumeamrishwa kufichiana aibu?" Swali zuri. Sitara ni ya mja aliyeteleza, aliyekosa baina yake na Mola wake. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu anayewadhulumu watoto. Yule jirani wa kwenye kisa changu, mtaa mzima umemsitiri. Binti ndiye aliyeanikwa. Tumeipindua.

Haya, tufanye nini? Sitaki muondoke na huzuni tu.

Kwanza, badilisheni swali. Ukimwona msichana mdogo kwenye hali hiyo, usiulize "wazazi wake wako wapi?" kwa dharau. Uliza ana miaka mingapi, nani amemleta, kitambulisho na simu yake vinashikwa na nani, anadaiwa nini. Majibu ya maswali hayo ndiyo ushahidi.

Pili, jueni pa kupiga simu. 116 ni ya watoto, 1195 ni ya dhulma za kijinsia, zote bure. Ukienda kituo cha polisi omba dawati la jinsia, na usitoke bila namba ya OB. Ikiwa ni mtoto, mwitisheni afisa wa watoto. Cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki inaweza kumtoa mtoto kizimbani.

Tatu, ofa za kazi. Ikiwa ni ya Ghuba, angalieni kama ajenti yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Ikiwa ni ya hapa karibu, mzazi aende mwenyewe akaione hiyo saluni, akae, anywe chai, ajue mwenyewe ni nani. Kazi ya halali haiogopi mzazi.

Nne, nyumba. Wengi wenu baba zenu au wajomba zenu wana vyumba vya kukodisha. Ongeeni nao kwa adabu, muwaambie kuhusu kifungu cha 15. Na kamati za misikiti zenye majengo ya wakfu zijue wapangaji wao.

Tano, nyinyi vijana wa kiume, ndugu zangu. Hakuna daftari bila mteja. Ukinunua, ukurasa mmoja wa lile daftari umeuandika wewe. Na ile video inayozungushwa kwenye magrupu, usiifungue wala usiitume. Kusambaza picha za utupu za mtu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mitandao ya mwaka 2018, na kule kwa Allah hesabu ni nzito zaidi.

Sita, akirudi nyumbani, arudi kama mtu. Mama zetu wampelekee chakula kama wanavyompelekea mgonjwa. Madrasa imfungulie mlango. Asiulizwe maswali ya udaku. Wengi wanaorudi kwa mlanguzi hurudi kwa sababu nyumbani walipokelewa kwa macho.

Na kwa upande wa sheria, harakati yetu itaandika mapendekezo mawili. La kwanza kwa wabunge wetu, lile neno "au faini" liondolewe kwa walanguzi, kama Tanzania walivyofanya. Mwenye biashara ya mamilioni akiachiwa nafasi ya kulipa, atalipa. La pili kwa bunge la kaunti, kwamba asishtakiwe mtu yeyote kwa kuzurura kabla ya umri wake kuthibitishwa na kuulizwa aliletwa na nani. Mkiyaona hapa, someni, wekeni jina.

Mwisho. Misako mingi hupigwa Ijumaa na Jumamosi, na wanaoshikwa hufikishwa kortini Jumatatu asubuhi. Natafuta vijana kumi, watano wa kike na watano wa kiume, wa kukaa kortini Jumatatu kwa zamu. Hatuendi kupiga kelele. Ni kukaa kwenye benchi, kusikiliza majina na umri, na ukimwona mtoto ameandikwa mtu mzima, umwambie karani kwa adabu kwamba kuna jambo hakimu anafaa kulijua kuhusu kifungu cha 14, kisha utupigie simu. Tutawafundisha siku mbili kwanza. Anayeweza aandike "Nipo" hapa chini, nami nitamtafuta.

Mwenye daftari hufika kortini mapema, tayari amejipanga. Jumatatu ijayo, inshallah, atukute tumeshakaa.

Allah awahifadhi dada zetu na watoto wetu, awarudishe walioko mbali, awape nguvu waliorudi, na atusamehe sisi tuliojua tukanyamaza. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.